Anjina kwa mgonjwa mwenye moyo dhaifu: namna ya kuitibu bila kisu wala waya

Mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri akianza kubanwa na kifua kwa sababu msuli wa moyo haupati damu ya kutosha, yaani anjina, ana maradhi mawili yanayogombea dawa. Baadhi ya vidonge vinavyotuliza anjina kwa mwenye moyo wenye nguvu humjaza maji mapafuni mwenye moyo dhaifu. Na dawa za moyo dhaifu zikianzwa kwa pupa, presha huanguka hadi moyo wenyewe ukakosa damu. Hapa mpangilio wa dawa una uzito kuliko wingi wake: ipi ianze, ipi ifuate, ipi itupwe. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, bila kupasua kifua na bila kupitisha waya kwenye mshipa. Umeandikwa kwa mgonjwa na kwa anayemuuguza, waingie kliniki wakijua la kuuliza. Dozi anapanga daktari wako; ninazozitaja ni za kukusaidia kuisoma karatasi yako. Majina ya dawa nimeyaacha yalivyo kwenye pakiti ili uyalinganishe.

Kama kifua kinakuuma sasa hivi, ruka hadi hatua ya tano.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni anjina

Anjina ina tabia zake. Hugandamiza katikati ya kifua, hupanda shingoni na kwenye taya au hushukia mkono wa kushoto. Huja ukipanda ngazi, ukibeba ndoo, ukigombana na mtu, au ukitembea baada ya kushiba sana. Ukikaa chini, huondoka ndani ya dakika chache. Mwenye kisukari, na wanawake wengi wa umri mkubwa, huenda wasisikie maumivu hasa. Wao husema "nakata pumzi" au "chembe imejaa", basi. Maumivu ya kuchomachoma ambayo mtu anayaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, au yanayozidi ukibonyeza mbavu, mara nyingi yana chanzo kingine.

Afrika kuna sababu ya ziada ya kutokurupuka. Utafiti wa THESUS-HF uliochapishwa mwaka 2012 ulihusu wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9 za Afrika. Chanzo kikubwa kilikuwa shinikizo la damu la muda mrefu. Wale ambao moyo wao ulidhoofika kwa sababu ya mishipa yake kuziba hawakufika hata mmoja kwa kila kumi. Kwa hiyo mtu wa Temeke au Likoni mwenye moyo uliotanuka na kifua kinachobana anaweza kuwa na mishipa iliyoziba, ila anaweza vilevile kuwa na kuta za moyo zilizonenepa kwa presha, vali ya aota iliyokaza, au upungufu wa damu tu. Kila kimoja kina tiba yake, na kwa mwenye vali ya aota iliyokaza sana, kidonge cha chini ya ulimi kinaweza kumwangusha.

Vipimo vya kuanzia vinapatikana katika hospitali nyingi za mkoa na za kaunti: kipimo cha umeme wa moyo, eko ya moyo, picha ya kifua, na damu. Kwenye damu usikubali kuishia kwenye sukari na kolesteroli. Uliza hemoglobini, akiba ya chuma, figo, potasiamu na homoni za tezi ya shingo. Hemoglobini ikishuka sana, moyo hulia njaa hata kama mishipa iko wazi, na sababu zake ni zile tunazozijua: minyoo, hedhi nyingi, au kidonda cha tumbo kinachovuja taratibu kwa mtu anayemeza aspirini kila siku. Nimeona watu wakiongezewa dawa ya tatu na ya nne ya anjina kabla hemoglobini haijapimwa hata mara moja. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi nayo hukimbiza mapigo na kuamsha kifua.

Kwenye ripoti ya eko tafuta herufi EF. Ni asilimia ya damu inayotoka kwenye chumba kikuu cha moyo kila moyo unapopiga. Ikiwa 50 au zaidi, msukumo bado upo, na tatizo ni moyo kukakamaa. Ikiwa 40 au chini yake, msukumo umedhoofika. Iandike namba hiyo kwenye jalada la daftari lako la kliniki, kwa sababu ndiyo inayoamua dawa zipi ni marufuku kwako.

Hatua ya pili: mwaga mfuko wa dawa mezani

Kabla ya kuongezewa kidonge, toa vyote ulivyonavyo: vya kliniki, vya duka la jirani, alivyokuletea shemeji kutoka Muscat, na mizizi ya kwenye chupa. Mfuko mzima uende nao kwa daktari au mfamasia. Wasiofaa humo ni hawa.

Diclofenac, ibuprofen na ndugu zao, ambao kwetu humezwa kwa goti na kiuno kila siku bila cheti. Hushika chumvi na maji mwilini, huumiza figo, huzidisha moyo kushindwa. Kwa maumivu ya kawaida mwombe mfamasia paracetamol, lakini isiwe ile ya kuyeyusha majini ikatoa povu. Kidonge kimoja cha namna hiyo kinaweza kubeba miligramu 400 hivi za sodiamu, na kiwango cha siku nzima kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 2,000.

Verapamil na diltiazem, kama EF yako ni 40 kushuka chini. Hizi ni dawa halali za anjina, na ndiyo maana zinaponyoka: daktari aliyekutana nawe kwa ajili ya kifua pekee anaweza kukuandikia bila kujua hali ya msukumo. Zote mbili hulegeza msuli wa moyo. Utafiti mkubwa wa mwaka 1988 juu ya diltiazem baada ya shambulio la moyo ulionyesha kuwa waliokuwa na maji mapafuni walidhurika. Nifedipine ile ya kufanya kazi haraka nayo si ya mgonjwa huyu.

Dawa za nguvu za kiume. Hapa niseme wazi, maana wazee wetu wanaona haya na madaktari hawaulizi. Sildenafil ndani ya saa 24, au tadalafil ndani ya saa 48, ikikutana na nitrogliserini, ambayo ndiyo kidonge cha chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka hadi mtu akafa. Na haitoshi kusema "mimi natumia za asili tu". Katika nchi nyingi, mamlaka za dawa zimewahi kukuta sildenafil ndani ya poda, kahawa na asali zinazouzwa kwa jina la mitishamba. Mke akijua mume anatumia kidonge cha chini ya ulimi, ajue na hili.

Ongeza pioglitazone ya kisukari, na dawa za mafua zenye pseudoephedrine. Lakini usiache mwenyewe dawa yoyote uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo au presha. Uliza kwanza, ibadilishwe kwa utaratibu.

Hatua ya tatu: toa maji kabla ya kufukuza maumivu

Moyo uliojaa maji umevutika. Ukuta uliovutika hula oksijeni nyingi zaidi, na shinikizo la ndani huminya mishipa midogo inayolisha tabaka la ndani la msuli. Ndiyo maana wengine hubanwa kifua wakilala chali usiku wa manane, bila ngazi wala ndoo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo furosemide, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, inaweza kuiondoa anjina kuliko dawa ya anjina yenyewe.

Nunua mzani wa bafuni. Jipime kila asubuhi ukishatoka msalani, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi zilezile, na uandike. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, na siku hiyohiyo uwasiliane na kliniki. Angalia pia mito ya kulalia: aliyekuwa analala na mmoja akihamia miwili, kisha akawa anaamka kukaa kitandani apate pumzi, hali imebadilika hata kama miguu haijavimba.

Furosemide imezwe asubuhi. Kama ni mara mbili, ya pili iwe mchana, usikeshe chooni. Siku ya safari ya basi watu huiruka kwa sababu ya choo, wakafika Mwanza au Kisumu hawapumui. Mwombe daktari akupangie saa nyingine kwa siku za safari, badala ya kuiruka.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kikiwa sawasawa na ukingo, ukijumlisha kila kitu. Wengi hupunguza ya mezani wakaiacha iliyojificha: ng'onda, dagaa wa chumvi, achari, vidonge vya kukolezea mchuzi, na magadi. Magadi yanayolainisha kunde, makande au mlenda ni sodiamu tupu, ingawa ulimi hauyaiti chumvi. Loweka kunde tangu jana yake na zichemshwe kwa kitunguu, ndimu ikamuliwe zikishaiva. Usikimbilie chumvi mbadala ya dukani pia. Kwa kawaida ni potasiamu, na ukiwa unatumia spironolactone, mojawapo ya dawa za moyo dhaifu, potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye figo dhaifu asinywe madafu kila siku bila kupimwa damu.

Hatua ya nne: anza na dawa zinazotibu yote mawili

Ya kwanza ni beta-bloka. Hupunguza mapigo, na moyo unaopiga taratibu hula oksijeni kidogo na hupata nafasi ndefu ya kujilisha, kwa kuwa mishipa yake hupokea damu nyingi pale moyo unapolegea. Zamani kundi hili lilikatazwa kabisa kwa moyo dhaifu. Kisha zikaja tafiti kubwa, mojawapo CIBIS-II ya mwaka 1999 iliyohusu wagonjwa 2,647, ambapo bisoprolol ilipunguza vifo kwa thuluthi moja. Zenye ushahidi kwa EF ndogo ni bisoprolol, carvedilol na metoprolol succinate, na nebivolol kwa wazee. Atenolol, ambayo imejaa kwenye maduka yetu, haimo. Ukiwa unaitumia, muulize daktari kama inafaa kubadilishwa.

Siri iko kwenye kuanza. Mgonjwa awe ameshakauka maji, ndiyo maana hatua ya tatu imetangulia. Bisoprolol huanza na miligramu 1.25 kwa siku na kupanda kuelekea 10. Carvedilol huanza na 3.125 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula. Dozi huongezwa kila baada ya wiki mbili au zaidi, kama presha na mapigo vinaruhusu. Wiki za mwanzo mtu anaweza kujisikia mzito kuliko alivyokuwa, na hapo ndipo wengi huitupa dawa wakisema "imenikataa". Vumilia, mwambie daktari, jipime uzito. Na kamwe usiikate ghafla: anjina hurudi kwa hasira, wakati mwingine na shambulio la moyo. Dawa ikikaribia kuisha, nunua kabla haijaisha.

Jifunze kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, ukiwa umekaa. Lengo la wengi ni kati ya 50 na 60 na kitu. Yakishuka chini ya 50 na ukahisi kizunguzungu, piga simu kliniki. Mwenye pumu halisi aseme mapema.

Kama beta-bloka imefika ukomo na mapigo bado ni 70 au zaidi, na moyo una mdundo wa kawaida usiorukaruka, kuna ivabradine. Yenyewe hupunguza mapigo tu bila kushusha presha, jambo zuri kwa mtu ambaye presha yake ya juu ni 95. Baadhi huona mimulikomimuliko ya mwanga gizani. Huwa haina madhara, ila dereva wa usiku ajihadhari. Haichanganywi na ARV zenye ritonavir.

Dawa nyingine za msingi za moyo dhaifu, yaani enalapril au wenzake au sacubitril-valsartan, spironolactone, na dapagliflozin au empagliflozin, hazikuandikwa kwa ajili ya maumivu. Lakini moyo ukipungua mzigo, kifua nacho hupumua. Enalapril na sacubitril-valsartan hazitumiki pamoja. Lazima zipishane kwa saa 36. Aspirini ndogo na statin, dawa ya kushusha kolesteroli, ni kwa yule ambaye mishipa yake kweli ina mafuta.

Hatua ya tano: kidonge cha chini ya ulimi

Nitrogliserini, ambayo chupa nyingi huandika GTN, ilianza kutumika kutibu anjina mwaka 1879 kwa daktari wa London, William Murrell. Alfred Nobel, aliyetajirika kwa kuifanya baruti, aliandikiwa dawa hiyohiyo kwa moyo wake alipozeeka. Pale isipopatikana, hutumika isosorbide dinitrate ya miligramu 5 ya chini ya ulimi, ambayo hukawia kidogo zaidi.

Kifua kikibana, acha unachofanya na uketi. Usisimame, kwani dawa hii hushusha presha na watu huanguka bafuni wakavunjika nyonga. Usilale chali pia, maana moyo dhaifu ukilazwa hujaa maji. Kama kuna mashine ya presha karibu na presha ya juu iko chini ya 90, au umemeza sildenafil ndani ya saa 24 au tadalafil ndani ya saa 48, au una vali ya aota iliyokaza sana, usiitumie, tafuta msaada. Vinginevyo weka kidonge kimoja chini ya ulimi, au pulizia mara moja. Kisitafunwe, kisimezwe na maji. Mdomo ukiwa mkavu, ulowanishe kwa funda dogo kwanza. Kuwashwa kidogo chini ya ulimi na kichwa kugonga ni kawaida.

Tazama saa. Zikipita dakika 5 na maumivu hayajapungua au yamezidi, usikae kuhesabu vidonge: pigia msaada wa dharura, na unaposubiri tumia cha pili. Aliye Uingereza ana 999, aliye Marekani 911, aliye Oman 9999. Miji yetu mingi gari la wagonjwa halifiki haraka, kwa hiyo namba ya jirani mwenye gari au dereva wa teksi unayemwamini iwe imebandikwa ukutani kabla ya siku hiyo. Kama hauna mzio wa aspirini wala kidonda kinachotoka damu, tafuna aspirini ya miligramu 300. Jasho baridi, kukata pumzi, kuzimia, au maumivu yaliyoanza ukiwa umekaa tu ni mambo ya kwenda hospitali bila hata kusubiri hizo dakika 5.

Utunzaji ndio unaowaangusha wengi. Vidonge vya GTN huharibika kwa joto, mwanga na hewa. Vikae kwenye chupa yake nyeusi, kifuniko kimekazwa, si kwenye kikaratasi cha duka la dawa. Mfuko wa shati karibu na mwili katika joto la Tanga ni pahala pabaya. Mkoba ni bora. Vingi hutakiwa kutupwa wiki 8 baada ya chupa kufunguliwa, kwa hiyo andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito siku ile unayoifungua. Ya kupulizia hukaa hadi tarehe yake ya mwisho, na kama mfuko unaruhusu ningechagua hiyo.

Inafaa pia kama kinga: kidonge kimoja dakika 5 kabla ya jambo unalojua litakubana, kama kupanda ngazi za ghorofa ya nne kwa mwanao.

Kwa wanaofunga Ramadhani, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 lilisema kidonge cha chini ya ulimi cha anjina hakibatilishi saumu, mradi mtu asimeze kilichoyeyuka. Kama moyo dhaifu wenyewe unaruhusu kufunga ni swali jingine, la kumuuliza daktari tangu Shaabani.

Hatua ya sita: dawa za kuongeza, kama bado kinabana

Nitrati za muda mrefu, ndugu za nitrogliserini, ndizo za kawaida. Mwili huzizoea upesi zikawa kama maji, kwa hiyo kila siku lazima kuwe na saa 10 hadi 14 bila dawa. Isosorbide dinitrate ya mara mbili kwa siku imezwe saa 2 asubuhi na saa 8 mchana, wala si asubuhi na usiku kama vidonge vingine. Kwa Wamarekani weusi wenye moyo dhaifu, utafiti wa A-HeFT wa mwaka 2004 ulionyesha kuwa isosorbide dinitrate pamoja na hydralazine, dawa ya kutanua mishipa, juu ya dawa nyingine, ilipunguza vifo. Hydralazine peke yake bila beta-bloka hukimbiza mapigo na inaweza kuamsha anjina, kwa hiyo isijipenyeze kwenye mfuko wako kwa bahati.

Amlodipine ni salama kwa moyo dhaifu. Ilipimwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,100 katika utafiti wa PRAISE wa mwaka 1996 na haikuongeza vifo. Huvimbisha vifundo vya miguu, na hapo mtu huongezewa furosemide bure akidhaniwa kajaa maji. Mzani ndio utakaosema kweli: miguu imevimba lakini uzito haujapanda.

Trimetazidine husaidia seli za moyo kutumia oksijeni vizuri bila kugusa presha, ila haifai kwa mwenye ugonjwa wa Parkinson au figo zilizoharibika sana. Ranolazine nayo haishushi presha, lakini dawa ya kifua kikuu, rifampicin, huifuta kazi yake, na ARV zenye ritonavir huizidisha hadi hatari.

Hatua ya saba: tembea

Wiki moja moyo ukiwa mtulivu, bila uzito kupanda, anza. Dakika 5 kwenye tambarare, asubuhi kabla ya jua kali, si baada ya chakula. Mwendo uwe ule unaokuwezesha kuongea sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Ongeza dakika chache kila wiki kuelekea 30. Kidonge cha chini ya ulimi kiwe nawe, na asiyekuwa na uhakika afanyiwe kwanza jaribio la kutembea dakika 6 hospitalini. Wale wanaobembelezwa wakae kitandani "moyo upumzike" hupoteza misuli ya miguu, na kesho yake hatua 20 zinawabana kuliko jana.

Hatua ya nane: tiba ya mikanda ya miguu

Ukiwa umepitia yote hayo na bado unabanwa, na madaktari wamesema mishipa haifai kupanuliwa wala kupasuliwa, utasikia habari za EECP. Mgonjwa hulala kitandani, akavishwa mikanda mipana kwenye ndama za miguu, mapaja na makalio, na waya za kusoma mdundo kifuani. Kila moyo unapolegea mikanda hujaa hewa kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayekamua kifumbu cha tui, ikasukuma damu kurudi kwenye mishipa ya moyo. Kabla moyo haujakaza tena mikanda yote hufunguka kwa pamoja, moyo ukasukuma kwenye njia nyepesi. Kozi ya kawaida ni saa 35: saa 1 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 7. Inatumika sana Uchina na India, na Marekani iliiruhusu kwa wenye moyo dhaifu mwaka 2002.

Ushahidi wake nauita wa wastani. MUST-EECP wa mwaka 1999, wenye wagonjwa 139 wa anjina, ulionyesha maumivu kupungua. PEECH wa mwaka 2006, wenye wagonjwa 187 wa moyo dhaifu, ulionyesha wengi zaidi wakiweza kufanya mazoezi muda mrefu kidogo, lakini uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni haukuongezeka. Haijathibitishwa kwamba inarefusha maisha. Kwa hiyo tangazo linalosema inasafisha mishipa au kuotesha mipya badala ya upasuaji, lipite.

Kuna wasiotakiwa kuigusa: mwenye maji mapafuni kwa sasa, kwa kuwa mikanda hurudisha damu nyingi moyoni kwa mkupuo, mwenye vali ya aota inayovuja sana, uvimbe wa mshipa mkuu, bonge la damu mguuni, mishipa ya miguu iliyoziba vibaya, mdundo usiotulia, presha ya 180 kwa 110 au zaidi, au mjamzito. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, aonyeshe kwanza kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inaganda kwa kasi gani. Kabla ya kulipa uliza: nani anasoma eko yangu kabla ya kuanza, nani yuko chumbani nikikata pumzi, na kozi ikikatika wiki ya tatu fedha zinakuwaje. Kituo kisichotaka kuona eko, ondoka.

Hatua ya tisa: pale waya au kisu vinapostahili kurudi mezani

Usiogopeshwe kwamba bila stenti, kile kibomba cha kupanua mshipa kinachopitishwa kwa waya, utakufa kesho. Utafiti wa REVIVED wa Uingereza, uliotoka mwaka 2022, uliwagawa wagonjwa 700 wenye EF ya 35 kushuka chini: nusu walipewa dawa kamili, nusu dawa pamoja na stenti. Vifo na kulazwa kwa moyo dhaifu havikutofautiana. Lakini ulikuwa na watu wachache wenye anjina kali, kwa hiyo hausemi kwamba stenti haitulizi maumivu. Upasuaji wa kupandikiza mishipa una hadithi tofauti: katika utafiti wa STICH, baada ya miaka kama 10, waliopasuliwa walikufa wachache kuliko waliobaki na dawa, ingawa siku za mwanzo upasuaji wenyewe ulikuwa na hatari yake. Mgonjwa wa miaka 50 na figo nzima, mwenye mishipa mitatu iliyoziba, asikimbie mazungumzo hayo kwa sababu tu dawa zimemtuliza.

Maumivu yanayokuja ukiwa umepumzika, yanayozidi wiki hadi wiki, au yanayokuamsha usingizini licha ya uzito kuwa sawa, yanataka hospitali yenye mtambo wa kupima mishipa ya moyo, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam au Taasisi ya Moyo ya Uganda huko Mulago. Ukishapimwa, omba picha zenyewe kwenye diski pamoja na ripoti, si ripoti pekee. Daktari wa pili, awe Nairobi au Chennai, atataka kuziona kwa macho yake, na utakuwa umejiepusha na kupimwa upya.